Ofisi Nyumbani: Karatasi Kwanza, Meza Baadaye

Swali ni lilelile, wanaouliza ndio wanaobadilika. Mwalimu wa shule ya msingi anatafuta mahali pa kusahihishia madaftari bila kuyapaka mafuta ya kula. Karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) analala juu ya leja za kahawa kwa sababu anazihifadhi chini ya godoro. Mwenyekiti wa kitongoji anaandika barua ya utambulisho juu ya goti, muhuri ukiwa mfukoni mwa koti. Kijana aliyemaliza chuo anapokea kazi za kuchapa na kutengeneza vipeperushi kwa kompyuta, lakini majirani wanamwona yupo yupo tu. Wawe Nyakatuntu, Nkwenda au Kaisho wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, au ng'ambo ya mpaka wa wilaya kule Kayanga, wote wanataka kujua jambo moja: nyumba haina chumba cha ziada, ofisi ikae wapi na ianze na nini?

Ianze na karatasi.

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu ofisi ya nyumbani huanza na meza, kiti cha kuzunguka na rangi ya ukuta. Kwa nyumba ya tofali za kuchoma na bati, iliyozungukwa na migomba na mibuni, huo ni mwanzo mbaya. Meza unaweza kuazima ile ya kulia chakula, kiti pia. Leja iliyoliwa na mchwa hairudi, na cheti kilicholowa masika hakikauki kikasomeka. Kwa hiyo mpangilio wa ushauri huu ni kwanza karatasi, kisha mahali, umeme, mawasiliano, watu wa nyumbani na fedha. Samani zimepewa aya chache, na zinastahili hizo chache.

Iandike kazi yako kwanza

Kabla ya kununua hata rula, kaa chini na karatasi moja ujibu maswali haya:

- Unaandika kwa mkono au kwa kompyuta, na kwa saa ngapi kwa siku?
- Je, wateja au wananchi wanakuja nyumbani? Wakija, wanakaa wapi?
- Je, kuna fedha taslimu zitakazolala humo?
- Kazi ina msimu? Karani wa kahawa huwa na nafasi Februari, lakini buni zikianza kuiva katikati ya mwaka hapati hata muda wa kunywa chai.
- Ni karatasi zipi ambazo zikipotea huwezi kupata nyingine?

Swali la mwisho ndilo zito. Mwenye jibu refu hapo ahangaike na hifadhi kabla ya kuhangaika na kompyuta.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuiga ofisi ya mjini. Mtu ananunua printa kabla hajajua kama ana kurasa kumi za kuchapa kwa wiki. Printa ya wino wa maji isipotumika mara kwa mara, wino hukauka na kuziba. Printa ya leza nayo hula umeme mwingi inapopasha moto, kiasi ambacho sola ndogo ya nyumbani haimudu. Kama kurasa zako ni chache, peleka kazi kwenye fleshi hadi dukani kwa mwenye huduma ya uchapaji, na fedha ya printa ibaki kwanza.

Karatasi zilale wapi

Nyumba nyingi zina tranka la bati lililobaki tangu mtoto aliporudi kutoka bweni. Hilo ndilo kabati la kwanza la ofisi yako, na ni zuri kuliko kabati la mbao linalouzwa kwa bei mara kadhaa zaidi, kwa sababu panya hatafuni bati na mchwa hapiti katikati yake.

Likague kabla ya kuliamini. Litoe nje adhuhuri, liinue mfuniko ukiwa wazi, kisha chungulia ndani huku chini yake kukiwa kunaelekea jua. Palipo na tundu utaona kidoa cha mwanga, na mara nyingi ni kwenye pembe za chini, pale kutu inapoanzia. Unapopenya mwanga yatapenya maji, na mchwa mdogo atafuata. Fundi wa bati azibe tundu hizo kwa risasi, kisha upake rangi ya mafuta sehemu yenye kutu na uache ikauke kabisa.

Usiliweke sakafuni. Lipandishe juu ya tofali nne na uliache shubiri moja kutoka ukutani. Sababu ni kwamba mchwa hasafiri hadharani. Hujenga njia ya udongo akajificha humo. Tofali zikiwa wazi pande zote, njia hiyo utaiona mapema, ukaifuta na kutafuta inakotoka. Tranka lililosukumwa kwenye kona huliwa miezi mitatu mwenye nyumba asijue. Piga magoti ulitazame chini kila Jumamosi.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Funga karatasi kwenye mifuko ya plastiki siku ya jua kali, zikiwa kavu. Ukizifunga zikiwa na unyevu, ukungu utaota ndani ya mfuko.
- Usihifadhi nyaraka juu ya dari la jikoni. Moshi hufukuza wadudu, ni kweli, lakini karatasi hugeuka kahawia na kukatika ikikunjwa.
- Risiti za mashine zinazochapwa kwa joto hufifia. Zipige picha au zitolee nakala siku hiyohiyo. Na kamwe usizipeleke kuwekewa plastiki ya moto: zitageuka nyeusi zote, maandishi yasionekane.
- Andikia kalamu ya kawaida ya wino mzito. Wino wa majimaji huyeyuka karatasi ikipata tone.

Kisha panga. Mafungu manne yanatosha: nyaraka zisizopatikana tena, kama mikataba ya ardhi na vyeti, za kazi za mwaka huu, za miaka iliyopita, na za watu wengine ulizokabidhiwa. Kila fungu liwe na bahasha yake ya kaki au faili gumu, jina limeandikwa kwa herufi kubwa upande wa mgongo. Anayeanza na mafungu kumi na mawili huchoka wiki ya pili, na karatasi zinarudi chini ya godoro.

Wakazi wa Kyerwa wana jambo lao hapa. Wilaya ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hivyo mikataba, vyeti na barua za kabla ya hapo zimeandikwa Wilaya ya Karagwe. Wapo wanaokata jina hilo kwa kalamu na kuandika Kyerwa, wakidhani wanasahihisha. Usifanye hivyo, hati iliyochezewa huleta mashaka mbele ya baraza la ardhi. Iache ilivyo, na ubandike nje ya bahasha kikaratasi chenye jina la sasa la wilaya, kata na kijiji.

Kwa mkulima anayepeleka robusta yake kwenye chama cha msingi chini ya KDCU, chama kikuu kinachohudumia Karagwe na Kyerwa tangu mwaka 1990, fungu la kazi lina kitu kimoja kikubwa: stakabadhi za mizani. Zipange kwa tarehe, na kwenye daftari uandike kilo, tarehe na jina la aliyepima. Malipo yanapokuja baada ya mnada, mwenye stakabadhi ana hoja. Asiyekuwa nayo ana manung'uniko. Aliyeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado mtini, hana hata pa kuanzia kudai.

Mahali pa kuketi

Chumba kizima hakihitajiki. Inahitajika pembe ambayo haipitwi na kila mtu. Pembe ya sebule inafaa kazi inayopokea wageni. Pembe ya chumba cha kulala inafaa kazi ya kimya na nyaraka za siri, ingawa mwenzako atateseka na taa usiku. Baraza iliyozibwa nusu ukuta ni nzuri kwa kupokea watu, mradi karatasi zisilale huko.

Mahali pa kukataa kabisa ni stoo ya mazao. Vumbi la maharage na panya ni sababu tosha, lakini ipo kubwa zaidi. Vidonge vya kufukizia nafaka na maharage hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo huua watu. Mtu asikae kuandika wala kulala kwenye chumba chenye magunia yaliyofukizwa, wala chumba kinachopakana nacho bila ukuta unaofika juu kwenye paa.

Sasa tazama jua. Kyerwa iko karibu na ikweta, kwa hiyo dirisha la mashariki litakuchoma macho asubuhi na la magharibi jioni. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini hutoa mwanga mtulivu karibu siku nzima. Ukiwa na la mashariki pekee, keti ubavu kwa dirisha; usilipe mgongo, maana kioo cha kompyuta kitang'aa usione kitu. Tena jua la Kagera liko nyuma ya lile la Dar es Salaam kwa nusu saa hivi, ingawa saa za ukutani zinafanana. Anayepanga kuanza kazi saa kumi na mbili asubuhi kwa mwanga wa dirisha atakaa gizani kwa muda mrefu.

Je, rafu ya ukutani? Ndiyo, lakini ifungwe. Alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuangusha nyumba nyingi, hasa Bukoba na maeneo jirani. Rafu isiyofungwa kwa skrubu ukutani huanguka kabla ya ukuta. Vitu vizito, kama leja na betri, vikae chini, vyepesi juu. Na kiti chako kisiwe chini ya rafu.

Bati lina kelele yake. Mvua kubwa ikianza hakuna simu itakayosikika, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei kisha Septemba hadi Desemba, mara nyingi hunyesha mchana. Mazungumzo ya simu na vikao vya mtandaoni vipangwe asubuhi. Dari husaidia, kama huna uwezo wa dari ya nyumba nzima, ziba juu ya pembe ya kazi tu.

Wavu wa dirisha usikosekane. Anayefanya kazi usiku msimu wa senene anajua taa moja huita wageni wangapi, na si wote wanaoliwa.

Meza na kiti, kwa ufupi

Mpelekee seremala vipimo, usimwachie akisie. Meza iwe na urefu wa sentimita 70 hadi 75 kutoka sakafuni, kiti sentimita 43 hadi 48, na meza iingize miguu yako bila kugonga ubao. Ukikaa, nyayo zikanyage chini na viwiko vilingane na meza. Kompyuta mpakato iinue kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ukaribie usawa wa macho, kisha tumia kibodi ya pembeni kama unachapa kwa saa nyingi.

Mbao za mikaratusi au misindano zinafaa zikiwa zimekauka. Mbichi hupinda, na droo hukwama msimu wa kwanza. Wapo wanaopaka miguu ya meza oili chafu kuzuia mchwa. Kwa nguzo za nje ni sawa, ndani ya nyumba oili hiyo hunuka na kuchafua karatasi. Nunua dawa ya mbao, ipakwe nje, meza iingie ikishakauka.

Umeme: radi ndiyo adui wa kwanza

Kwa miaka mingi umeme wa upande huu wa Kagera ulinunuliwa Uganda. Mwaka 2023 marais wa nchi mbili, Samia Suluhu Hassan na Yoweri Museveni, walizindua bwawa la Kikagati na Murongo kwenye mto Kagera, lenye megawati 14, na upande mmoja wa mradi huo uko Kyerwa. Ni hatua kubwa, lakini nguzo ikiangukiwa na mti, au radi ikipiga laini, ofisi yako inazimika vilevile. Pangilia kana kwamba umeme utakatika leo.

Kwa mwenye umeme wa gridi:

- Fundi mwenye leseni akague waya wa ardhi. Soketi yenye matundu matatu isiyounganishwa na ardhi ni pambo tu.
- Tumia kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Kinasaidia umeme ukirudi kwa kishindo, hakizuii radi.
- Mawingu yakijikusanya, chomoa plagi. Usisubiri ngurumo iwe juu ya nyumba, maana wakati huo hata kushika waya ni hatari. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
- Soketi ya nyongeza isibebe birika au pasi pamoja na kompyuta.

Kwa mwenye sola, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa nne ni wati-saa 200. Taa ya wati 7 kwa saa tano ni 35. Simu mbili zinakula kama 25. Jumla ni 260 kwa siku. Paneli ya wati 100 kwa siku ya jua la kawaida inaweza kutoa wati-saa 400 hivi; siku ya mawingu, chini ya nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1,200, lakini betri za aina ya risasi na tindikali zisitumike zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Hapo una siku mbili za kazi hata jua likigoma. Aliyenunua paneli ya wati 20 kwa matumaini ya kuendesha kompyuta amenunua taa.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini. Ukiikamua kila usiku inakufa mapema. La pili ni kuweka betri ya tindikali chumbani unapolala, dirisha likiwa limefungwa. Hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa. Iweke penye hewa, mbali na jiko na watoto. Paneli nayo ilale kidogo, nyuzi 10 hadi 15, mvua iioshe vumbi, na isifunikwe na kivuli cha migomba. Mgomba unakua, kivuli kisichokuwepo Januari kinaweza kuwepo Agosti.

Simu, bando na saa inayorudi nyuma

Walio karibu na mto Kagera wana shida ambayo mtu wa Dodoma haijui. Simu hunasa minara ya ng'ambo. Ikinasa ya Uganda au Rwanda, salio linaweza kuliwa kwa viwango vya kimataifa bila mwenyewe kujua. Na ikinasa ya Rwanda, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja, simu inayojirekebisha yenyewe itarudi nyuma, nawe utachelewa kikao au usaili ukiwa umekaa mbele ya meza yako.

Fanya haya leo, ni kazi ya dakika chache:

1. Kwenye mpangilio wa mtandao, zima uchaguzi wa kujiendea na uchague mtandao wako wa Tanzania kwa mkono.
2. Zima matumizi ya data ukiwa nje ya mtandao wako.
3. Zima saa ya kujiseti, uchague majira ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kuamua pembe ya ofisi, zunguka na simu nyumba nzima ukijaribu kupakua faili moja, asubuhi na usiku. Bati na kuta nene hupunguza mawimbi. Mara nyingi hatua tatu kuelekea dirishani zinabadilisha mambo. Mwenye kazi inayotegemea intaneti awe na laini za kampuni mbili, akiwa ameuliza majirani ipi inashika vizuri hapo alipo. Kwa kazi nzito, pakua na kutuma usiku, watumiaji wakipungua.

Mafaili ya kompyuta nayo yanahitaji tranka lake. Kila faili muhimu liwe mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye fleshi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fleshi inayoning'inia kwenye kompyuta ileile itaibwa nayo.

Watu wa nyumbani na wageni

Hapa ndipo ofisi nyingi hufia. Anayefanya kazi nyumbani huonekana hana kazi, na kama ni mwanamke huonekana ana kazi zote za nyumba. Atatumwa dukani, ataachiwa watoto wa shangazi, ataombwa amenye ndizi kwa sababu yupo.

Usijibu kwa ugomvi. Kaa na wenye nyumba, wazazi au mwenza, mkubaliane saa. Saa chache zinazoheshimiwa zinashinda siku nzima inayovunjwavunjwa. Kwa mfano saa mbili asubuhi hadi saa sita, kisha unarudi kuwa mtu wa nyumbani. Andika saa hizo ukutani. Waonyeshe pia kipato kinapoingia, hata kama ni kidogo: mzee aliyeona kilo za sukari zimetoka kwenye ile kompyuta atakuwa wa kwanza kuwanyamazisha watoto.

Mgeni hafukuzwi. Msalimu ipasavyo, mkaribishe barazani, mpe kahawa ya kutafuna au kikombe cha maji, kisha mwombe kwa adabu: "Samahani mzee, nipo kazini hadi saa sita, nikimaliza nakuja tuongee." Wengi wataelewa. Msiba hauna saa ya ofisi; funga tranka uende.

Anayepokea wananchi, kama mwenyekiti wa kitongoji, awe na benchi la barazani na siku zinazojulikana. Muhuri ukae ndani ya tranka kwenye kufuli. Muhuri unaozunguka kwenye koti huishia kugongwa kwenye karatasi ambazo mwenyewe hajazisoma.

Fedha na TRA

Weka daftari mbili: moja ya kazi, moja ya nyumba. Kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni shilingi 500 ya nakala. Ukichukua fedha ya kazi kununua mafuta ya taa, iandike kama uliyojilipa. Biashara nyingi za nyumbani hazifi kwa hasara. Huliwa kidogo kidogo pasipo mtu kuandika.

Wengi wanaogopa kuandika kwa kudhani wanajitengenezea ushahidi wa kodi. Hesabu inasema kinyume. Katika utaratibu wa kodi ya makadirio uliowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na akaandika, alilipa 30,000. Viwango hupitiwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kufunga hesabu. Namba ya mlipakodi hutolewa bure. Anayekuomba fedha ya namba hiyo anakuibia. Leseni ya biashara ulizia halmashauri. Kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, na hiyo ndiyo kazi ya lile fungu la miaka iliyopita.

Makatibu wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaoomba mikopo ya halmashauri nao watunze katiba, orodha ya wanachama na mihtasari pamoja. Kikundi chenye mihtasari iliyotawanyika kwa watu watatu hukwama hata kabla afisa hajasoma ombi.

Karatasi za watu wengine

Ofisi ya nyumbani ikipokea nakala za vitambulisho vya NIDA, fomu za mikopo au matokeo ya wanafunzi, inabeba siri za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Usiombe nakala usiyoihitaji. Usitume picha ya kitambulisho cha mtu kwenye kundi la WhatsApp. Usifungie maandazi kwa fomu za zamani, zichome. Na kompyuta inayotumiwa na watoto kuangalia katuni iwe na nywila ya upande wa kazi.

"Je, si bora nipange fremu?"

Kwa wakala wa fedha, muuza vifaa vya shule na mtoa nakala, ndiyo, fremu ya barabarani ni bora: wateja ni wapita njia, na fedha taslimu nyingi ndani ya nyumba huvuta wezi walipo watoto wako. Kwa karani, mwalimu, mwandishi wa maombi, mbunifu wa vipeperushi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, fremu ni kodi ya kila mwezi isiyoleta kitu. Nyumbani panatosha.

Na asiye na fedha kabisa? Tranka la zamani, tofali nne, bahasha nne, daftari mbili na kalamu. Meza ni ile ya chakula, ikifutwa ikakauka kwanza. Huo ni mwanzo kamili.

Mwonyeshe mtu mmoja

Jambo la mwisho husahaulika na walio makini kuliko wote. Katibu anaugua ghafla, anapelekwa Nyakahanga au Isingiro hospitalini, na kikundi kizima hakijui leja iko wapi wala ufunguo uko kwa nani. Andika ukurasa mmoja: tranka liko wapi, mafungu ni yapi, ufunguo wa pili anao nani, na karatasi zipi ni za chama na si za familia. Ubandike ndani ya mfuniko. Kisha mwite mke, mume, kaka au mtoto mkubwa unayemwamini, umfungulie mbele yako, mpitie pamoja fungu kwa fungu. Fanya hivyo wiki hii, ukiwa mzima.